Jino la Chokaa la Mwalimu Singano

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Daktari Rolf, mgeni aliyekuja kwetu kila mwaka masika yakiisha, na masanduku yake mawili ya bati. Mzee Shemhilu, msaidizi wa meno, mtu wa Mombo, ndiye aliyenifundisha kazi. Mwalimu Singano wa shule ya msingi, amelala kwenye kiti, mdomo wazi, macho yamefunikwa kitambaa cha kijani. Na mimi Hadija, mwosha vyombo, nimeshika tochi, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye kioo cha dirisha. Hakukuwa na mwingine. Mdogo wangu Rehema alikuwa shuleni, darasa la tano, na meno yake yote ya mbele yalikuwa mazima.

Wawili kati ya wanne hao wamekwisha kufa. Daktari yuko kwao, amezeeka, mkono unatetemeka hata barua zake nazisoma kwa kukisia. Nimebaki mimi huku Lushoto, nimestaafu, nalima maharage na peasi kidogo nyuma ya nyumba.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya meno pale kliniki mmeniomba niwaandikie ya zamani, mambo ambayo hamyapati kwenye vitabu vyenu. Nitaandika, lakini mtavumilia makosa. Niliacha shule darasa la sita. Kila ninachoandika, hata barua ya kuomba mbegu, Rehema hukisoma kwanza kwa kalamu yake nyekundu, maana yeye ni mwalimu. Hii hajaisoma.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Tulibaki wanne, mimi mkubwa, Rehema, na wavulana wawili wadogo ambao walikuwa bado wanalazwa juu ya ngozi ya mbuzi kwa kukojoa. Shangazi alitaka kutugawa, mmoja huku, mwingine kule. Nikasema hapana, hatugawanywi. Nikaenda kliniki ya misheni kuuliza kama kuna kazi ya kufagia. Nilimkuta Mzee Shemhilu nje, anaanika glavu kwenye kamba kama mtu anayeanika samaki. Enzi hizo glavu tulikuwa tunaziosha na kuzitumia tena, msicheke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemaliza shule?"

"Niliacha."

"Kuosha vyombo unajua?"

"Najua."

"Hujui," akasema. "Wewe unajua kuosha vyombo vya ugali. Hapa utaanza upya."

Na kweli nilianza upya. Alinifundisha kusugua koleo kwenye maungio yake, mahali damu inapojificha. Alinifundisha kwamba brashi inakwenda upande mmoja, hairudi. Alinifundisha kupika vyombo kwenye jiko la mvuke na kuhesabu muda tangu mvuke unapoanza kupiga mluzi, si tangu unapowasha moto. Mkosaji wa kwanza katika hilo nilikuwa mimi. Alivimwaga vyombo vyote mbele yangu kwenye sinki akasema, "Rudia. Na kesho ukirudia kosa, utarudia mara mbili."

Lakini somo lake kubwa lilikuwa juu ya weupe. Kwao Mombo maji yana chumvi. Sufuria ikichemshiwa maji wiki moja, ndani inaota utando mweupe kama ukurutu. Mzee Shemhilu alipanda na chuki hiyo kutoka bondeni mpaka huku milimani. Wakati wa kiangazi, tangi letu likikaribia kukauka, jiko la mvuke nalo lilianza kuota utando, na koleo zikatoka na madoa. Kila Ijumaa tulikamua ndimu, tukaloweka, tukasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae.

"Cheupe ukikiona kwenye chuma," alikuwa akisema, "kiue. Kikibaki, kesho kinakuwa kutu, keshokutwa kinakuwa usaha kwenye fizi ya mtu."

Nililishika somo hilo kama nilivyoishika sala.

Sasa niwaambie kuhusu skrubu. Ninyi mnaziita vipandikizi, na siku hizi zinakuja kwa katalogi. Wakati ule hakuna aliyewahi kuziona milimani kwetu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia. Madukani mtaani, ambako tulizoea kukuta viberiti na sabuni ya mche, ghafla kulikuwa na dawa za meno za kila rangi, peremende, soda za kopo. Meno nayo yakaanza kuoza kuliko zamani, kliniki ikajaa. Wakati huohuo tukaambiwa wagonjwa wachangie gharama na wafanyakazi wapunguzwe. Chini Mombo, kando ya barabara kuu, mtu mmoja alifungua kibanda, akachora jino kubwa ukutani, akawa anagandisha meno ya plastiki kwa gundi. Wateja wake walitujia sisi baadaye, fizi zimevimba, wanaona aibu kusema walitokea wapi.

Katikati ya hayo ndipo Daktari Rolf alipoleta vichupa vyake. Ndani ya kila kichupa kulikuwa na skrubu moja ya madini mepesi, urefu wa punje ya mpunga au kuzidi kidogo. Inapandwa kwenye mfupa wa taya, fizi inashonwa juu yake, inaachwa miezi mfupa uikumbatie, halafu jino linafungwa juu. Alileta za aina tatu. Alitaka kujua, katika watu wa kawaida wanaokula makande na kupiga mswaki wa mti, ipi itadumu miaka mingi. Majina yake ya kitabuni yalitushinda, tukazipa yetu. Laini ni ile iliyochongwa tu, ikaachwa inang'aa. Mchanga ni ile iliyokwaruzwa, ukiigusa kwa kucha inashika. Na chokaa.

Chokaa ilikuwa imepakwa kitu cheupe, unga uliogandishwa juu ya chuma, wa aina moja na mfupa wenyewe, ili taya idanganyike na kuipokea kama ndugu. Hayo nayajua sasa. Siku ile sikuyajua, kwa sababu Daktari alimweleza Mzee Shemhilu, na Mzee Shemhilu alikuwa na tabia ya kuitikia "ndiyo, ndiyo" hata kabla sentensi haijaisha.

Watu waliopandwa walikuwa kumi na mmoja. Daktari aliwataka watu wasiohama, atakaowakuta kila mwaka. Ilikuwa kazi ngumu, maana miaka ile kila kijana alikuwa anatazama barabara iteremkayo. Tukapata wazee wa kanisa, mama wawili wa sokoni, mkulima wa chai kutoka Mponde. Mzee mmoja alitaka kujua kama radi itamfuata kwa sababu ya chuma kinywani. Daktari akamwambia hapana. Mzee akasema, "Wewe unaondoka Jumamosi. Radi inabaki na mimi." Hakupandwa.

Mwalimu Singano alikuwa wa mwisho. Lori la kabichi lilifunga breki kwenye kona za barabara ya Mombo, naye alikuwa amesimama nyuma, mdomo ukakutana na bomba. Jino moja la mbele juu lilitoka zima na mzizi wake. Kwa mtu mwingine ni jino tu. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza ilikuwa balaa, kwa sababu akisema "simameni" ilitoka "thimameni", na watoto sitini walisimama wakisema "Thawa, Mwalimu!" Alinisimulia mwenyewe, anacheka, lakini macho hayakucheka.

"Mwanangu Hadija," aliniambia asubuhi ile akisubiri ganzi, "nimefundisha miaka kumi na saba. Sasa wananifundisha wao kutamka."

Kichupa chake kilikuwa na ufa. Kiligongwa njiani. Daktari alikiona asubuhi, akasikitika, lakini skrubu zilizobaki hazikuwa za urefu wa kufaa pale mbele. Akanipa mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha kupanga neno moja moja.

"Hadija. Hii tafadhali safi, halafu mvuke. Sawa?"

"Sawa, Daktari."

Nadhani alimaanisha nisafishe kichupa, nitoe skrubu, nipike. Mimi nilisikia "safi".

Nilikwenda chumba cha kuoshea. Nikaitoa ile skrubu. Ilikuwa nyeupe yote, weupe wa vumbi, na upande mmoja umebanduka kidogo pale kichupa kilipopasuka. Nikasema moyoni, maskini, imeota utando safarini. Nikachukua ndimu. Nikakamua kwenye kibakuli, nikailoweka, nikaenda kupanga vyombo vingine, nikarudi, weupe umelegea. Nikachukua brashi ya waya. Upande mmoja, bila kurudi. Nilisugua mpaka kwenye mifereji ya nyuzi zake, nikaisuuza, nikainua dirishani. Iling'aa kama kijiko kipya. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimefanya kazi kama nilivyofundishwa.

Nikaipika. Nikaileta kwenye trei. Umeme ukakatika palepale. Nikaombwa nishike tochi. Daktari, miwani imeingia ukungu kwa pumzi yake mwenyewe, akaishika kwa koleo, damu ikaiingia, na chuma kikishaingia damu hufanana na chuma kingine chochote. Akaizungusha ndani ya mfupa taratibu kama mtu anayefunga saa ya ukutani. Mwalimu alikuwa amekunja vidole vya miguu ndani ya soksi.

Ilipokwisha, nilifanya kazi yangu ya mwisho. Kanuni ilikuwa hivi, na nafurahi kwamba mnaifuata mpaka leo: karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa inabanduliwa na kubandikwa kwenye daftari, mbele ya jina la mgonjwa. Hakuna kuandika kwa kumbukumbu. Nikaibandua, nikaibandika. Kwa hiyo daftari likasema: Singano, mbele juu, chokaa.

Uongo huo niliuandika kwa mkono safi kabisa.

Mwaka uliofuata Daktari alirudi, akafungua fizi ya Mwalimu, akafunga jino juu. Zuri, la rangi ileile ya meno yake ya moshi wa sigara. Mwalimu alisimama uani akatamka, "Sasa, sisi, sisimizi, Singano," wagonjwa kwenye benchi wakapiga makofi. Jioni yake Daktari akatuketisha mimi na Mzee Shemhilu kutufundisha, maana aliona tunaipenda kazi. Akafungua kichupa cha chokaa, akaiweka juu ya kitambaa cheusi.

"Hii nyeupe," akasema, "hii ndiyo dawa. Usiguse. Hata kidole. Nyeupe ikitoka, inabaki chuma tu."

Sikumtazama mtu. Lakini Mzee Shemhilu alikuwa ameviona vile vipande vya ndimu kwenye sinki siku ile, na alikuwa na akili ya haraka kuliko alivyoonekana. Alinifuata nje kwenye kamba ya glavu.

"Uliisugua."

"Niliisugua, mzee."

"Kwa ndimu."

"Na brashi."

Akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia cheupe kiue." Akazigeuza glavu zote, moja moja, kabla ya kuendelea. "Sikiliza, binti. Wanapunguza watu. Majina yanaandikwa. Ukisema leo, wewe utakuwa wa kwanza na mimi wa pili. Wale watoto pale kwako watakula nini? Jino limeshika. Mtu anacheka. Nyamaza."

Nilinyamaza. Siwezi kumlaumu yeye, kwani mdomo ulikuwa wangu. Lakini nataka mjue kwamba siku ile nilipotoka kazini niliwakuta watatu wale wananisubiri mlangoni, Rehema amepika mboga kwa chumvi nyingi kama kawaida yake, na nikajiambia kwamba nimewaokoa.

Miaka ikaenda. Mzee Shemhilu alistaafu, nikashika nafasi yake, bila cheti, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeyajua masanduku yale. Kazi yangu kubwa ikawa kuwaangalia wale kumi na mmoja. Na hapa nina la kuwafundisha ambalo mashine zenu haziwezi kuwapa. Chukua mpini wa kile kioo cha mdomoni, gonga jino la skrubu polepole kutoka juu. Lililoshikwa na mfupa linalia, mlio mkavu, mfupi, kama ukigonga kikombe cha udongo kilichochomwa vizuri. Lililoachwa na mfupa linatoa sauti ya kitu kilicholowa. Utaisikia sauti hiyo kabla mgonjwa hajasikia maumivu, kabla picha haijaonyesha kivuli. Fumba macho unapogonga. Mwambie mgonjwa asipumue.

Na waulizeni wanasafisha kwa nini. Mama mmoja wa sokoni tulimwambia apitishe uzi kati ya meno kila jioni, akatuitikia, na kila mwaka fizi zilikuwa na vidonda. Mwaka wa tatu ndipo tulipoambiwa alikuwa akichomoa uzi wa gunia la viazi.

Zile chokaa tatu za nyuma, za magego, zilianza vizuri kuliko zote. Mfupa ulizikumbatia haraka, Daktari alifurahi. Lakini kuanzia mwaka wa tano sauti ikaanza kulowa. Ule unga ulikuwa ukimeguka mle ndani, mfupa ukiuacha, na usaha ukipata njia. Mkulima wa Mponde alitoa ya kwake mwenyewe shambani, akatuletea imefungwa kwenye jani la kabichi. "Daktari," alisema, "msumari wenu umerudi." Zilitoka zote tatu. Za mchanga zilisimama imara, na nyingine zipo mpaka leo vinywani mwa watu. Laini moja ya mbele juu, ya mama wa kanisa, iling'oka mapema kabisa.

Na Mwalimu Singano? Kila mwaka nilifumba macho nikagonga. Ikalia. Alivuta sigara, alikunywa chai ya moto kupita kiasi, alifungua soda kwa meno mbele yangu ili kunitisha. Ikalia. Daktari alikuna kichwa. Kwenye daftari ilikuwa chokaa pekee iliyosalia, na ilikuwa mbele juu. Akatafuta maana, kama wasomi wanavyofanya. Akasema labda chokaa haifai nyuma kwenye kutafuna, lakini mbele juu, kwenye mfupa mwororo, ndiko mahali pake. Na laini imeng'oka palepale mbele juu. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikaa juu ya mstari mmoja tu wa daftari, nami ndiye niliyekuwa najua kwamba chini ya mstari ule hakuna kitu.

Alipenda kuwaambia wageni, "Daftari la Hadija halidanganyi."

Sasa Rehema. Alimaliza chuo cha ualimu, mtu wa kwanza nyumbani kwetu kumaliza chochote. Ajira yake ilikuwa ianze Januari. Siku za likizo alikuwa akinisaidia kupeleka peasi sokoni, na siku moja kreti lilimponyoka mpakizi juu ya gari, kona yake ikampata mdomoni. Jino la mbele juu. Lilelile. Nilipomwona amekuja anakimbia, khanga mdomoni, damu kifuani, jambo la kwanza nililoliona akilini lilikuwa watoto sitini wanasema "Thawa, Mwalimu!"

Bahati, nilidhani ni bahati, Daktari alikuwepo. Alimpenda Rehema tangu akiwa mdogo. Akamtazama, akapiga picha, akafungua kabati. Za mchanga zilikuwa zimekwisha. Angezileta mwaka ujao. Palikuwa na laini mbili na chokaa moja iliyobaki ya zamani.

Akafungua daftari langu. Akaweka kidole kwenye mstari wa Singano.

"Mbele juu, laini, imetoka," alisema. "Mbele juu, chokaa, miaka minane, nzuri sana. Rehema, nakupa chokaa. Mwalimu mmoja, mwalimu mwingine."

"Au asubiri ya mchanga?" niliuliza. Hicho ndicho nilichosema. Naomba mnihesabie hicho, ingawa ni kidogo.

"Kwa nini asubiri?" akauliza Daktari.

Akanitazama. Rehema akanitazama, anasubiri, mdomo umevimba. Mwaka mmoja tu. Jino la plastiki la kuvaa na kuvua kwa mwaka mmoja, basi. Nilikuwa na sentensi nzima kinywani: Daktari, ile ya Mwalimu niliisugua, ni chuma kitupu. Kupunguzwa kazi kulikuwa kumepita. Wavulana walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa. Mzee Shemhilu alikuwa chini ya udongo, hakuna ambaye angeumia. Nilichoogopa safari hii ni kupoteza ile sifa ya daftari. Kwa msichana aliyeachia darasa la sita, kuambiwa na daktari kwamba karatasi zako hazidanganyi ni kitu kikubwa mno. Nilikuwa nimekaa juu yake miaka minane.

"Basi sawa," nikasema. Nikaenda kuleta trei.

Ile ya Rehema sikuisugua. Niliishika kama yai.

Ilidumu miaka sita na miezi kadhaa. Nilikuwa nikimgonga kila mwezi badala ya kila mwaka, mpaka akawa ananicheka: "Dada, mimi ni mlango?" Halafu asubuhi moja, ameketi kwenye kiti kile kile, nilifumba macho nikasikia sauti iliyolowa. Nikagonga tena. Nikagonga mara ya tatu, nikitumaini sikio langu limezeeka.

"Vipi?" akauliza.

"Onyesha upande wa pili," nikasema, kupata muda.

Usaha ulikuwa umekula mfupa kimyakimya, mpaka kwenye jino la jirani. Tulipoteza yote mawili. Pale palipobaki hapana mfupa wa kushika skrubu nyingine ya aina yoyote, wala ya mchanga. Mdomo wake wa juu umeingia ndani upande mmoja. Anavaa meno ya plastiki darasani, yanacheza, akikohoa anayashika. Akicheka nyumbani anaweka khanga mdomoni. Alikuwa na cheko kubwa, Rehema, cheko la mama yetu, na mimi ndiye pekee niliyebaki ninayelikumbuka la mama. Sasa linaishia kwenye kitambaa.

Labda laini nayo ingeng'oka. Wataalamu watasema hivyo, na huenda ni kweli. Labda hata ya mchanga. Mfupa wa mtu hauna mkataba. Lakini hakuchagua yeye, wala hakuchagua Daktari. Mstari wangu ndio uliochagua.

Aliponiona nimeketi jikoni siku ile tulipomng'oa, alinishika bega. "Si kosa la mtu, Dada," akasema. "Umenisomesha, umenipa jino, limefika mwisho wake. Asante." Bado ananiambia asante. Kila mwaka siku ya Idi, mbele ya wavulana na wake zao, anasimulia jinsi Dada Hadija alivyomtafutia jino bure ili asichekwe na watoto.

Mwalimu Singano alizikwa mwaka juzi. Nilikwenda kutoa pole. Kabla ya hapo, kwenye maradhi yake, nilikwenda kumwona, akanisalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi, mwanangu, umekuja kunigonga?" Nikamgonga, kwa ukucha, maana sikuwa na kioo. Ikalia. Alilala nayo kaburini, chuma kitupu, nzima.

Baada ya mazishi nilikwenda kliniki nikaomba daftari la zamani. Mnajua kanuni: kosa kwenye daftari halifutwi kwa raba wala kwa wino mweupe. Linapigwa mstari mmoja, lisomeke, kisha unaandika sahihi pembeni na jina lako. Nikapiga mstari juu ya neno chokaa. Nikaandika: imesuguliwa kwa ndimu, ni chuma tu, Hadija. Nikamwandikia Daktari barua. Alijibu baada ya miezi, maandishi yamelala kama nyasi baada ya mvua. Alisema angepaswa kuikagua mwenyewe kabla ya kuipanda, na kwamba amesahihisha kwenye karatasi zake. Mwisho aliuliza, "Na Rehema anajua?"

Hilo ndilo ninalowaachia, wadogo zangu, kabla hamjaingia kwenye mambo ya mashine. Ukipewa kitu kigeni, uliza kabla hujakisafisha. Ukikosea, sema siku ileile, hata kama wako watoto wanaokusubiri mlangoni, maana kosa langu halikubaki pale nilipolifanya. Lilitembea miaka minane, likaja kuingia nyumbani kwangu.

Daktari nimemlipa. Mwalimu hakudai. Rehema hajui bado kama ananidai.

Nimeandika haya tangu asubuhi, hapa kwenye meza ya jikoni. Rehema amekuja mchana huu kuchambua maharage, yupo uani na ungo mapajani. Kalamu nyekundu ipo kwenye mkoba wake, naiona kutoka hapa. Sasa hivi ameita, amefunika mdomo kwa khanga ili yale meno yasimponyoke:

"Dada, bado unaandika? Lete nikusahihishie."

Nimemjibu sijamaliza.